Boga la Mpakani

Jumatatu, 3 Machi

Hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia. Mvua asubuhi, matope mchana, wateja hakuna. Malori yamepanga foleni hadi huku kwetu, na kila dereva tayari ana wakala wake. Mimi, Efraimu Simfukwe, wakala wa forodha mwenye uzoefu, nimeshinda kibarazani nikiwatazama madereva wakikaanga mayai chini ya matela.

Nesta, mke wangu, ametangaza kwamba mama yake anakuja kutoka Mbebe kwa Sikukuu ya Mavuno. Mwezi wa tano! Akaongeza, kwa ile sauti ya chini anayoitumia akishamaliza kufikiri, kwamba mwaka huu nipeleke kanisani kitu kilichoota uani kwangu. Nikimwaibisha tena mbele ya mama yake, wataondoka wote wawili kwenda Mbebe, na yeye atarudi Krismasi. Labda.

Yote haya kwa sababu ya boga la mwaka jana. Nililinunua sokoni, ndiyo. Nilisema nimelilima mwenyewe, ndiyo. Lakini nani angejua kwamba muuzaji ni msharika mwenzetu, tena mwanakwaya, na kwamba huweka alama ya mkaa kitakoni mwa kila boga lake? Mama mkwe aliinama, akaitazama ile alama, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tatizo: mbegu nilizopanda Desemba hazikuota hata moja. Kumbe Nesta alikuwa ameshazikaanga na chumvi. Uani kwangu kuna mawe, kamba ya nguo na choo. Upande wa pili wa uzio, jirani Sadoki, mstaafu wa reli, ana mche wa boga mrefu kama treni ya mizigo. Kila mwaka ndiye anayetangulia kwenye maandamano ya mavuno, boga kichwani, akiimba besi. Simpendi Sadoki. Ni mwema kupita kiasi.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua maandazi kwa Fausta. Yamefungwa kwenye ukurasa wa kitabu cha Sayansi cha shule ya msingi. Nimesoma huku natafuna. Viumbe hai huitikia mazingira yao! Mmea huinamia mwanga. Mizizi hufuata maji. Vikono vya mmea unaotambaa vikigusa kijiti, hukizungukia na kukishika. Na mwisho: "Ukikata ncha ya mmea unaotambaa..." Hapo Fausta amechana. Si kitu, mimi sikati chochote.

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Mche wa Sadoki unatambaa kuelekea uzio wetu. Ukikuta kwangu mwanga, maji na samadi, utafanya nini? Utavuka! Nasisitiza, na ninaandika ili hata mimi nikumbuke: huu si wizi. Mwizi hulifuata boga. Mimi boga litanifuata. Halitavushwa na mtu, litavuka kwa hiari yake, na litazaliwa huku. Kitu kilichoota uani kwangu! Hayo ni maneno ya Nesta mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Utekelezaji. Kwanza, nimelegeza banzi moja la uzio, ukabaki upenyo wa kumpitisha paka. Pili, samadi ya mbuzi, toroli zima, upande wangu. Tatu, ndoo za maji. Nesta kauliza kwa nini namwagilia uzio wakati wa masika. Nimemwambia narutubisha nguzo. Kanitazama kwa muda, kisha karudi jikoni.

Nne, na hapa ndipo penye akili: nimelaza bati bovu juu ya uzio, nusu yake imetokeza kwa Sadoki kama ukingo wa kofia. Kwake giza, kwangu mwanga. Sadoki kauliza bati la nini. Nimesema la kuanikia dagaa. Kasema haoni dagaa. Nimesema wako njiani, wanatoka Kasanga.

Ijumaa, 7 Machi

Sadoki ameleta kigoda na kukaa chini ya bati langu! Anasema mvua haimpati, jua halimpati, na hajui kwa nini hakuwahi kufikiria kitu kama hicho. Kuku wake nao wamemfuata. Ameshinda hapo na redio yake, na kila nikichungulia kwenye upenyo nakutana na magoti. Ameshukuru mpaka nimechoka. Kanipitishia hindi la kuchoma kwenye upenyo huohuo. Nimelila kwa hasira.

Jumapili, 9 Machi

Haleluya! Nimetoka ibadani, sijavua hata koti, nikaenda uzioni. Ncha imechungulia. Kijani, laini, ina vinyweleo, inatazama kulia na kushoto kama dereva mgeni getini. Nimeichomekea kijiti. Hadi jioni kikono kimoja kilikuwa kimeshakizungukia, kimekaza kweli. Mzigo umeingia nchini!

Nimefurahi mpaka nikamwimbia Nesta pambio akiwa anaosha vyombo. Kauliza nimekunywa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Ule ukurasa haukusema kwamba viumbe VYOTE huitikia mazingira. Vyura wamehamia kwenye tope langu, ukoo mzima. Bata wa Sadoki wamewafuata vyura kupitia upenyo. Wameoga, wamekula, na wamenijazia vinyesi mlangoni mwa choo. Nimewafukuza kwa fagio. Wamerudi na wenzao.

Habari njema moja. Ile nguzo ya kona ya uzio imechipua. Nguzo! Ina majani sita ya kijani kibichi. Nesta ameyaona akaniomba radhi, eti alidhani namdanganya. Nimeipokea radhi yake kwa unyenyekevu.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya msiba. Niandike taratibu.

Mchana Nesta ameleta ugali na majani ya maboga. Ameyapika kwa karanga zilizotwangwa, kama shangazi yake wa ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde, ambako huyaita chibwabwa. Nesta akipika hivyo nasahau madeni ya dunia. Nampenda mwanamke huyu. Nimemwambia wazi kwamba sijawahi kula majani laini namna hii. Nimeongeza. Nimeongeza tena. Nimefuta sufuria kwa tonge la mwisho.

Ndipo akasema, huku anatabasamu, kwamba ni Mungu tu: kuna mche umejiotea penye uzio, na yeye amechuma kilele, maana kileleni ndiko kwenye ulaini.

Nimekwenda kuangalia. Kijiti kipo. Kikono kimoja kipo, kimeshika kijiti, kimekauka kwa uaminifu. Mbele yake hakuna kitu. Nimekula boga langu kabla halijazaliwa, tena nikasifia chumvi! Na siwezi kumwambia. Nikimwambia ule mche ulikuwa wangu, itabidi nieleze umeingiaje.

Jumamosi, 22 Machi

Ukikata ncha ya mmea unaotambaa, nini? Hufa? Lazima nipate kipande cha pili cha ukurasa. Nimekwenda kwa Fausta kununua maandazi. Nimepata ukurasa wa hesabu za sehemu. Nimerudi nikanunua tena. Meno ya mbwa na kazi zake. Nikarudi tena. Tangazo la mkutano wa kijiji, Ihanda. Fausta kauliza kama nina wageni. Nimesema ndiyo, kutoka Zambia. Maandazi yote nimeyala mwenyewe nyuma ya choo, na sasa tumbo linalia kama vyura.

Jumamosi, 29 Machi

Nimepata jibu bila maandazi! Mche haukufa. Pale ulipokatwa umetoa machipukizi matatu. Ukifungiwa njia kuu unapita njia za panya, kama tunavyofanya hapa mjini. Nimeupigia saluti.

Ila wasafiri hawa watatu hawana nidhamu. Wa kwanza amepanda kamba ya nguo na kulikumbatia gauni la Nesta la Jumapili. Ilibidi Nesta alinyofoe, na mkono wa gauni umechanika. Wa pili amegeuka na kurudi kwa Sadoki kupitia upenyo, bila aibu. Wa tatu amesimama katikati ya upenyo, haingii wala hatoki. Lakini ndiye mwenye ua, na chini ya ua pana kitunda kama gololi! Nyuki wameingia, wametoka. Nimekaa mbali, sijapumua.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Tumeimba Hosana kanisani, lakini moyo wangu ulikuwa uzioni. Gololi imekuwa ngumi, ngumi imekuwa kichwa cha mtoto. Imekaa barabara kati ya mabanzi mawili, nusu kwangu, nusu kwa Sadoki. Wiki mbili zilizopita ningeweza kuisukuma huku kwa kidole. Sikusukuma. Nilitaka ije yenyewe, ili roho yangu iwe safi. Sasa haisukumiki.

Sadoki ameliona. Najua ameliona, kwa sababu upande wake amelitandikia nyasi kavu. Tunasalimiana juu ya boga, tunaulizana habari za mvua, kila mtu anatazama pembeni. Nimeanza kuupangusa upande wangu kwa kitambaa. Kesho yake nikakuta na yeye amepangusa upande wake, na wa kwake unang'aa zaidi. Nikaongeza mafuta ya kupikia. Nesta kauliza mafuta yanakwenda wapi.

Jumamosi, 10 Mei

Mabanzi hayakulegea, basi boga limejirekebisha lenyewe. Limebanwa kiunoni, likavimba huku na kule. Lina kiuno! Ni kama mama mnene aliyefunga mkanda. Upande wangu ni mkubwa kuliko wa Sadoki. Nimepima kwa kamba ya kiatu. Nimemwambia Nesta, bila kumtazama, kwamba boga letu la mavuno linaendelea vizuri. Kauliza boga gani. Nimesema ajionee mwenyewe, lakini kwa mbali.

Amejionea kwa karibu. Kisha ameenda kuliangalia begi lake la safari kama zipu inafanya kazi. Inafanya kazi.

Ijumaa, 23 Mei

Mama mkwe amefika na basi la mchana. Anaitwa Anyosisye na amelima Mbebe maisha yake yote. Hapiti mbele ya mche bila kuugeuza jani. Miguu imemvimba kwa baridi ya kule milimani, anatembea na mkongojo. Nimemwamkia kwa adabu zote, macho chini, nikampokea mizigo: viazi, maharage, na blanketi zito la kumletea binti yake. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Kasema miguu yake imechoka kukaa kwenye basi, akaenda moja kwa moja uani.

Nikamwona anaangalia bati. Akaangalia samadi. Akaangalia nguzo yenye majani. Akafuata shina kwa ncha ya mkongojo, taratibu, kutoka kwenye boga, kupita upenyo, mpaka kwa Sadoki, ambako mizizi iko. Akamsalimu Sadoki. Kisha akaomba chai.

Jumamosi, 24 Mei

Kesho ni mavuno na boga haling'oki! Nesta na mama yake walipokwenda sokoni, nimelipaka sabuni kiunoni, nikakanyaga uzio kwa mguu mmoja, nikavuta. Likaja kidogo. Nikafurahi. Likarudi. Nikavuta tena, likarudi kwa nguvu. Nikachungulia. Sadoki alikuwa anavuta upande wake, naye ana sabuni.

Tumeangaliana. Hapo ndipo nikasikia kikohozi nyuma yangu. Nesta na mama yake wamerudi, wamesahau kikapu. Nimegeuka kwa haraka, nikateleza chali kwenye samadi, mikono ina povu.

Nesta hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ameingia ndani, na nimesikia zipu.

Nimebaki palepale nimekaa chini. Nyumba bila Nesta mpaka Krismasi, mimi na vyura! Nimelia kidogo, nakiri, na Sadoki amejifanya anatafuta stesheni kwenye redio. Halafu akapitisha sauti kwenye upenyo. Akasema, "Wakala, hili si langu wala si lako. Tung'oe mabanzi tulipeleke jinsi lilivyo." Mtu mwema kupita kiasi.

Jumapili, 25 Mei

Tumelipeleka na uzio wake. Mabanzi mawili yamelibana kiunoni, Sadoki kashika mwisho wa mbele, mimi wa nyuma, kama machela. Tumetangulia maandamano. Sadoki ameimba besi, nami nimeimba kile kinachopatikana. Watu walisimama kwenye mabenchi ili waone. Watoto walicheka mpaka wakatolewa nje.

Mchungaji akauliza boga hili ni la nyumba ipi. Nikafungua kinywa, na Mungu ni shahidi, sijui ningesema nini. Mama mkwe akasimama na mkongojo wake. Akasema shina ni la Mzee Sadoki, na hilo kila mkulima analiona. Lakini hajawahi kusikia, kabla Nesta hajamsimulia, mwanaume akimwagilia uzio mvua ikinyesha, na mwenye bidii ya namna hiyo, siku akielekezwa jembe, atalisha ukoo. Kanisa zima likapiga vigelegele! Kwenye mnada akalinunua yeye mwenyewe, akaomba lipasuliwe, kila nyumba kipande chake.

Nikamtazama Nesta. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanacheka. Nesta anacheka! Jioni begi limerudi juu ya kabati. Mama mkwe ameamua kwamba Nesta haendi Mbebe. Nimepiga magoti chumbani nikashukuru kwa sauti.

Nilipoinuka, nikauliza kwa heshima basi la mama ni la saa ngapi kesho. Ndipo nikaambiwa mama haendi pia. Anabaki kunielekeza jembe.

Jumatano, 4 Juni

Mama mkwe yuko chumba cha Pendo, binti yetu aliye chuoni Mbeya. Kila alfajiri anagonga ukuta kwa mkongojo. Nalima. Nimeondoa mawe yote ya uani, nimeotesha kitalu cha kabichi, nimechota maji mpaka viganja vinawaka. Yeye amekaa kwenye kigoda kilichoazimwa kwa Sadoki, anaelekeza. Pale palipokuwa na mabanzi pamebaki pengo, na Sadoki sasa anapita kama kwake. Analeta redio. Anacheka sana.

Leo nimeuliza, kwa mzunguko, hali ya miguu. Mama mkwe kasema imepona kabisa! Uvimbe hakuna. Kasema baridi ya Mbebe ndiyo iliyokuwa inamtesa, Mpemba pana joto zuri, na mwili wake umepazoea. Hana haraka ya kurudi.

Nimetafakari nikiwa nimeegemea jembe. Hapa kila kitu kiko wazi. Mama mkwe ni kiumbe hai. Kiumbe hai huitikia mazingira yake. Amekaa kwa sababu chumba cha Pendo kina joto. Chumba kikiwa na baridi kama ya Mbebe, atafanya nini? Atapakumbuka Mbebe! Sitamfukuza. Sitamwambia hata neno moja. Ataondoka kwa hiari yake, kama boga.

Amekwenda na Nesta kwenye mazoezi ya kwaya. Nimelegeza ubao mmoja wa dirisha lake. Mdogo tu.

Alhamisi, 5 Juni

Matokeo. Baridi iliingia vizuri sana, maana upepo wa Juni hauhitaji wakala. Mama mkwe alitetemeka, kama nilivyotarajia kabisa. Kisha akamwita binti yake.

Nesta akaamka. Akachukua blanketi zito la Mbebe. Akachukua na lile jepesi. Akachukua mto wake, akautazama wangu, akauchukua na huo, akaenda kulala na mama yake. Niliwasikia kupitia ukuta wakinong'ona na kucheka kama wasichana. Mimi nilijifunika koti la kanisani na kitambaa cha meza.

Asubuhi mama mkwe kasema hajawahi kupata usingizi mtamu namna ile tangu Nesta alipoolewa. Nesta kasema basi atalala hukohuko. Nimeuliza mpaka lini. Kasema Krismasi. Labda.

Sadoki kaingia na chai ya moto, kaniona ninavyotetemeka, kaniuliza tatizo ni nini. Nimemwambia ni hali ya hewa. Akaenda kuniletea blanketi lake moja, lina harufu ya bata.

Nimekaa nalo kibarazani, nimeyapitia yote upya kwa utulivu, hatua kwa hatua. Mpango hauna kosa. Kosa ni upenyo, ubao mmoja ni mdogo mno kwa watu wawili. Wakienda tena kwaya, nalegeza wa pili.